Daftari Safi la Kunde

Kosa la Mbodze lilikuwa mwandiko mzuri. Usicheke. Wapo walioharibikiwa kwa ulevi, wapo walioharibikiwa kwa mapenzi, na huyu binti wa Chonga aliharibikiwa kwa sababu tangu darasa la tatu, kule Rabai, mwalimu wake alimfunza kwamba kila somo lina madaftari mawili: la kuchafulia na la safi. La kuchafulia unakosea humo, unakata, unalimwagia chai. La safi ndilo la kuonyesha mgeni. Somo hilo lilimwingia kuliko Sala ya Bwana, na alipokuja kuambiwa ukubwani kwamba iko kazi ambayo daftari lake safi ndilo bovu, alisikia kwa masikio lakini mkono haukusikia.

Aliyemwambia alikuwa Dakta Seth. Mbodze alikuwa anamaliza mwaka wa tatu wa shahada ya mimea, na katika likizo ndefu akachaguliwa, yeye na wenziwe tisa wa vyuo mbalimbali, kuingia mafunzo ya utafiti ya wiki kumi pale kisiwani. Kituo kilikuwa kimepanga ghorofa mbili upande wa Liwatoni, ukipanda ngazi na harufu ya samaki inapanda nawe. Hapo walifunzwa kupima urefu wa mche, kuhesabu majani, kukausha mizizi na kuipima uzani. Zaidi ya yote walifunzwa kuandika. Siku ya kwanza Dakta Seth, mkuu wa mafunzo, mtu wa bara asiye na maneno mengi, aligawa madaftari yenye kurasa zilizopigwa nambari. Akasema mwandike kwa wino. Ukurasa hauchanwi. Ukikosea, piga mstari mmoja tu, kosa lisomeke. Na daftari halinakiliwi.

Kisha akasema lile lililowafanya wote kumi kuketi wima: mwisho wa mafunzo mmoja wao atapewa nafasi ya shahada ya pili, karo na posho juu ya kituo.

Mbodze aliitaka nafasi hiyo hata usingizini. Nyumbani kwao hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumsomesha zaidi ya pale alipofika, na hilo halikuwa siri. Babake alikuwa mlinzi wa ghala Shimanzi, na wiki ya kwanza haikuisha kabla hajawatangazia madereva wote wa malori kwamba binti yake anafanya utafiti. Utafiti wa nini, walimuuliza. Wa kunde, akasema. Wakamcheka sana. Akawajibu kwamba waliokula kunde wote pale wasimame, na hakuna aliyesalia ameketi.

Kila mwanafunzi alipewa mlezi wa kumwongoza, na wa Mbodze alikuwa Everlyne Ngowa. Bahati iliyoje, ndivyo alivyofikiri, maskini. Everlyne alikuwa mtu wa kwao, kijiji cha pili tu kutoka kwao Mbodze, na alikuwa mwaka wa nne akisomea uzamivu. Siku ya kwanza alimwamkua kwa Kirabai mbele ya watu, akamshika mkono, akamwambia, "Mdogo wangu, hapa usiogope mtu. Mimi nipo." Mbodze alikuwa hajawahi kuitwa mdogo wangu na mtu mwenye koti jeupe. Akampenda siku hiyo hiyo.

Utafiti wa Everlyne ulikuwa rahisi kueleza. Visima vya Mji wa Kale vina maji ya chumvi, na visima vingi vya pwani viko hivyo hivyo. Kunde ukizinywesha maji hayo zinadumaa. Everlyne alisema kwamba mbegu zikiloweshwa maji ya mwani usiku mmoja kabla ya kupandwa, mche utastahimili chumvi. Miaka mitatu alikuwa akilitafutia ushahidi jambo hilo. Mara linakubali kidogo, mara linakataa, na kufikia Desemba alitakiwa awe amekabidhi tasnifu yake.

Basi kikatafutwa kisima, kikapatikana kwa Bi Shifa, Kibokoni, mahali Mbodze alipopanga chumba. Bi Shifa alikuwa mjane wa makamo, mwenye nyumba ya ghorofa mbili iliyopakwa chokaa, na kazi yake ilikuwa maua. Juu kabisa, kwenye sakafu ya wazi, alikuwa na safu ya asumini, na kila alasiri alichuma vitumba akatunga vikuba, mashada ya kuvaliwa na maharusi. Kisima kilikuwa uani. Maji yake yalikuwa ya kupigia deki, kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa yalikuja kwa mkokoteni, madumu kwa madumu, akayatia kwenye mtungi alioufukiza ubani. Mgeni aliyeingia nyumba ile alipewa maji ya mtungi kabla hajaulizwa shida yake, kwani ndivyo Bi Shifa alivyolelewa na ndivyo atakavyokufa.

Siku aliyokuja kukagua mahali, Everlyne alipewa glasi yake. Akanywa, akafumba macho.

"Bi Shifa, maji yako yananukia."

"Mai ya mtungi hayo, mwanangu. Ya kisima n'tampa adui yangu," Bi Shifa akasema, akacheka.

Wakapandisha vyungu arobaini vya plastiki. Ishirini vya mbegu zilizoloweshwa mwani, wakavifunga uzi wa kijani. Ishirini vya mbegu kavu, uzi mwekundu. Wakatandaza karatasi ya nailoni juu ili mvua isiingie. Mbodze aliuliza kama vyungu si bora vichanganywe, kama walivyofunzwa darasani, ili pasiwe na safu iliyobahatika kwa kivuli au upepo. Everlyne akasema hapana, maji ya mwani yasije yakavuja kwa majirani, tutenge. Basi safu ya kijani ikakaa bega kwa bega na asumini, na safu nyekundu ikakaa ng'ambo, ukutani.

Kila jioni Mbodze alivuta maji kisimani, akapanda nayo ngazi arobaini na mbili, akanywesha vyungu vyote kwa kipimo kimoja. Kila asubuhi kabla ya kwenda kituoni alipima kwa rula. Daftari likapata matope, likapata doa la mafuta ya taa, kona zikakunjika. Na kunde za uzi wa kijani zikainuka. Wiki ya nne zilikuwa zimezipita nyekundu kwa vidole vitatu. Wiki ya sita, nyekundu zilikuwa njano, zimejikunyata, na kijani zimetambaa hadi kwenye miguu ya asumini. Everlyne alipanda juu na simu yake akapiga picha, akashuka amelowa machozi. Alimkumbatia Mbodze pale ngazini, akamwambia, "Umeniokoa, mdogo wangu."

Kila Jumatatu Everlyne alitia saini chini ya ukurasa wa mwisho, na kila Jumatatu alimwambia nafasi ile ni yako, mimi ndiye nitakayekusemea.

Sasa sikiliza lililotokea Jumatatu ya wiki ya tisa, siku nne kabla ya wanafunzi kuonyesha kazi zao mbele ya wageni. Mbodze alikuwa ameshafika kona ya mtaa alipokumbuka kwamba ameisahau rula juu. Akarudi. Akapanda ngazi, akamkuta Bi Shifa ameinama kwenye asumini na ndoo ya maji ya mtungi na kata mkononi. Kata moja kwa asumini. Kata moja kwa kunde. Kata moja kwa asumini. Kata moja kwa kunde.

"Bi Shifa," Mbodze akasema polepole, "hizo kunde umeanza lini kuzinywesha?"

"Tangu zilipoota." Bi Shifa hakugeuka hata. "Sasa n'nyweshe asumini, na jirani yake yuwanitazama? Si vizuri, mwanangu. Nawe wazipa mai ya kisima, zikalala na kiu. Sikusema neno, n'kajua labda chuo ndicho kilichokufunza. Lakini huruma yanishika."

"Na zile za kule ukutani?"

Bi Shifa akazitazama zile za uzi mwekundu kwa haya.

"Kule magoti hayanifikishi," akasema.

Mbodze aliketi kwenye ngazi. Wiki tisa. Majedwali yake yote, michoro yake yote aliyoipaka rangi, vile vidole vitatu vya ushindi, vyote vilikuwa maji ya mkokoteni. Mwani haukufanya lolote. Kama ulifanya, hakuna awezaye kujua. Bi Shifa alimwona amepauka akadhani homa, akamletea glasi. Mbodze akainywa yote na hakumwambia kitu, kwani utamwambiaje mtu kwamba huruma yake imekuvunjia nyumba?

Alichofanya ndicho alichofunzwa. Alifungua daftari, ukurasa wa thelathini na moja, akaandika kwa wino: *Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Nimemkuta mwenye nyumba akinywesha safu ya uzi wa kijani maji matamu. Anasema amefanya hivyo kila siku tangu miche ilipoota. Safu ya uzi mwekundu haikupata. Tofauti tuliyoipima huenda ni ya maji, si ya mwani.* Mwandiko ulikuwa mbaya kuliko wote aliowahi kuandika. Kisha akaenda Liwatoni kwa miguu, akamtafuta dada yake Everlyne.

Everlyne alisoma ukurasa mara mbili. Akainuka, akafunga mlango wa chumba cha mizani.

"Umemwambia nani?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Mbodze hakulipima siku ile. Alikuja kulipima baadaye, alipokuwa na muda mwingi wa kulipima.

"Hakuna. Nimekuja kwako kwanza."

"Umefanya vyema." Everlyne akamshika mabega, macho yakamlengalenga. "Umefanya vyema sana kuja kwangu kwanza. Mwingine angeficha."

Akatia saini chini ya ukurasa, na tarehe, kama kila Jumatatu. Mbodze aliona saini ile ikikauka na moyo ukamtulia. Kosa limeandikwa, mkubwa amelijua, lililobaki ni lake. Alirudi Kibokoni anahuzunikia kunde, lakini anapumua.

Kesho yake Everlyne alimwita. Alikuwa na daftari jipya mkononi, sawasawa na lile la kwanza, na uso wa mtu aliyekesha.

"Ijumaa wageni watalifungua daftari lako mezani," akasema kwa Kirabai. "Litazame lilivyo. Matope, mafuta ya taa. Watasema huyu mtoto mchafu. Ninakilie safi, nami nitaliambatisha la zamani kwenye faili langu."

"Dakta Seth alisema daftari halinakiliwi."

"Dakta Seth ni mtu wa kusema. Mimi ninataka upate nafasi." Akamsogezea daftari jipya. "Na ule ukurasa wa jana usiunakili. Hilo nitalieleza mimi mwenyewe kwenye ripoti, kwa lugha yake. Ukiliandika wewe watasema mwanafunzi alishindwa kulinda vyungu vyake. Niachie mimi mzigo huo."

Na huyu Mbodze, mwenye akili kuliko wote kumi, akashukuru. Aliambiwa neno ambalo mwalimu wake wa Rabai alimwambia miaka yote, kwa lugha ya mamake, na mtu aliyemwita mdogo wangu. Jumanne na Jumatano alikaa dirishani kwa Bi Shifa akinakili kurasa thelathini kwa mwandiko wa kuchapishwa, bila hata mstari mmoja uliokatwa. Bi Shifa alipita nyuma yake akasema mwandiko huo ni wa kuandikia mialiko ya harusi. Alhamisi asubuhi vyungu vikapakiwa kwenye mkokoteni kwenda kituoni, na Mbodze akampa Everlyne madaftari yote mawili, la safi na la kuchafulia, mkono wa kulia na wa kushoto.

Ijumaa ukumbi ulijaa mapema, kwani ilipangwa wamalize kabla ya sala ya adhuhuri. Babake Mbodze alikuja kutoka zamu ya Shimanzi, amevaa shati lake la kanisani, akaketi safu ya nyuma kabisa na kofia magotini. Mbodze alisimama mbele na michoro yake, na alikuwa ameamua kusema. Alikuwa amepanga neno lenyewe: matokeo haya yana kasoro, na mlezi wangu ataieleza. Akamtazama Everlyne mstari wa mbele, na Everlyne akamtikisia kichwa kidogo, bado, subiri. Akasubiri.

Kati ya wageni alikuwapo Dakta Jacinta Kasyoka, mama wa makamo aliyekuwa amefanya kazi na udongo miaka mingi. Yeye hakutazama michoro. Alikwenda moja kwa moja kwenye vyungu, akachomeka kipima chumvi kwenye uzi mwekundu, akasoma. Akachomeka kwenye uzi wa kijani, akasoma. Akasoma tena. Kisha akachota udongo wa uzi wa kijani kwa ncha ya kidole, akauonja.

"Udongo huu," akasema, "haujanyweshwa maji ya kisima peke yake."

Dakta Seth akasimama. "Mbodze?"

"Ni kweli, Dakta. Mwenye nyumba alikuwa akizinywesha maji matamu asubuhi. Bi Shifa. Alizionea huruma."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa sababu jambo lenyewe lilichekesha. Mbodze hakucheka.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu. Siku ile ile niliandika ukurasa wa thelathini na moja, nikampelekea dada Everlyne."

Dakta Kasyoka alilichukua daftari mezani. Akalifungua. Akafungua ukurasa mmoja, na mwingine, na mwingine, na uso wake ukawa unabadilika mbele ya macho ya Mbodze.

"Daftari hili limeishia ukurasa wa thelathini," Dakta Kasyoka akasema. "Na halina doa. Mimi sijapata kuona daftari lililokaa wiki tisa kando ya vyungu likawa halina doa."

"Nilinakili. La kwanza analo dada Everlyne. Ukurasa ule una saini yake."

Ukumbi mzima ukamgeukia Everlyne. Alikuwa ameketi, mikono juu ya mapaja, koti jeupe limepigwa pasi. Mbodze alimtazama bila hofu yoyote. Mnasikia? Bila hofu. Mpaka sekunde ile alikuwa bado anamngoja dada yake ainuke.

Everlyne aliinuka.

"Mimi sijapokea daftari jingine," akasema kwa sauti ya huzuni nzuri. "Na habari ya maji ninaisikia hapa hapa, pamoja nanyi. Ningejua ningesimamisha kazi siku hiyo hiyo. Nilimwamini Mbodze. Labda aliogopa kukosa nafasi. Yeye ni mdogo, naomba msimhukumu sana."

Naomba msimhukumu sana! Kumzamisha mtu, kisha ukamwombea taula.

Mbodze alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa Kirabai. Alisema, dada, umesahau? Hakuna mwingine mle ndani aliyeelewa isipokuwa wawili: Everlyne, aliyetazama sakafu, na mzee wa safu ya nyuma mwenye kofia magotini, ambaye alielewa kila kitu.

Hukumu haikuchukua muda. Dakta Seth alisema hakuna njia ya kuthibitisha neno la upande wowote, ila liko jambo moja lililothibitika, kwamba daftari limenakiliwa kinyume cha amri na tukio kubwa halimo. Na hapo hakuwa na kosa, tuseme haki. Mbodze alipewa cheti cha kuhudhuria tu. Nafasi ya shahada ya pili alipewa mwenzake aliyefanya utafiti wa mikoko. Everlyne aliongezewa miezi sita arudie majaribio yake, kwa kuwa aliponzwa na mwanafunzi.

Chonga na binti yake walitembea hadi karibu na Marikiti. Wapagazi wakawapita na magunia, wakawaambia wapishe, nao wakapisha. Penye kivuli cha duka la viungo mzee akasimama.

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia, baba. Akatia saini mbele yangu."

"Basi," akasema Chonga. Akavaa kofia yake. "Madereva nitawaambia mimi mwenyewe. Nitawaambia umeibiwa."

Hapo ndipo Mbodze alipolia, katikati ya harufu ya bizari na watu wakipita.

Kumwambia Bi Shifa kulikuwa kugumu kuliko ukumbi. Bi Shifa alisikiliza hadi mwisho, sindano ya kutungia imesimama mkononi na asumini nusu uzi. Kisha akaweka kila kitu chini.

"Mimi ndimi n'liyekuponza."

"Wewe uliuonea huruma mmea, Bi Shifa. Hukujua. Aliyeniponza alijua, na ananijua kwa jina."

"Na mimi n'likuwa nikimpa mai ya mtungi," Bi Shifa akasema, na jambo hilo likawa linamkera siku mbili nzima. Alilirudia jikoni, alilirudia ngazini. Kila alipofukiza mtungi alilirudia.

Jumapili, kama saa tano, hodi ikapigwa. Alikuwa Everlyne, kwa gauni la kanisani, na bahasha ya kaki mkononi. Akamwamkua Bi Shifa shikamoo, na Bi Shifa akaitikia marahaba, kwani salamu hainyimwi mtu. Akamkaribisha kitini, akaenda zake nyuma.

Mbodze hakusimama. Everlyne akaanza kwa Kirabai, upole ule ule wa siku ya kwanza. Alisema hakulala tangu Ijumaa. Alisema miaka minne, Mbodze, miaka minne na mama yangu mgonjwa, wangenifukuza. Alisema wewe bado mdogo, una muda. Alisema nimekuandikia barua ya kukusifu, nzuri sana, chuo chochote kitakuchukua. Akaiweka bahasha juu ya meza.

"Sema Kiswahili," Mbodze akasema. "Kile kingine ni cha watu wa kwetu."

Everlyne akaisogeza bahasha karibu naye zaidi.

"Daftari langu liko wapi?" Mbodze akauliza. "Lile la matope."

"Mbodze..."

"Lenye saini yako."

"Nimelichoma," Everlyne akasema, kwa Kiswahili. "Alhamisi ile ile."

Alhamisi. Basi alipomtikisia kichwa pale ukumbini, bado, subiri, daftari lilikuwa limeshakuwa jivu. Mbodze alihisi kitu kifuani kikivunjika tena mahali palepale palipovunjika. Alikuwa amedhani Everlyne alishikwa na woga mbele za watu, na woga ni kitu unachoweza kumsamehe mtu. Kumbe alimshika mabega akiwa na kiberiti mfukoni.

"Nilikupenda," akamwambia. "Ungeniambia tunyamaze wote wawili, ningeumia, na labda ningenyamaza, kwa ajili yako tu. Hukuniomba hata hilo. Ulinifanya nijichimbie mwenyewe kwa mwandiko wangu, na ukanisifia mwandiko. Chukua barua yako."

Everlyne hakuichukua. Alikuwa analia, na machozi yalikuwa ya kweli, lakini Mbodze alikuwa ameshayaona ya kweli pale ngazini, wiki ya sita, na hayakumsaidia kitu.

Bi Shifa akatokea na sinia. Sinia lilikuwa limetandikwa kitambaa kilichofumwa, na juu yake glasi moja ndefu ya maji, na ua la asumini limeelea juu. Akamwinamia mgeni kwa adabu zote za nyumba yake.

"Karibu, mwanangu. Wewe mgeni."

Everlyne aliipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyeponea. Alikumbuka maji ya nyumba ile. Akafuta macho, akanywa funda kubwa, na uso ukamkunjamana. Yalikuwa ya kisima. Funda likamjaa mashavuni, na hakuna mahali pa kulitema katika ukumbi wa Bi Shifa, juu ya zulia lake, mbele ya macho yake mawili. Akalimeza.

Bi Shifa alikuwa bado ameinama, sinia mikononi, akimngojea glasi.

"Maliza, mwanangu," akasema kwa upole. "Yale matamu n'lizipa kunde, n'kaambiwa n'mekosa."